Bahari Yetu ya Misunkumilo

Siku ya kwanza kuiona bahari nilikuwa mtu mzima tayari, na niliinusa kabla sijaiona. Basi lilikuwa limesimama karibu na mdomo wa mto Pangani, abiria wameshuka kunyoosha miguu, upepo ukaleta harufu ya kitu kibichi kilichoanza kuoza, ya chuma kilicholowa, ya kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo. "Kunanuka nyumbani," nilisema kwa sauti, bila kukusudia.

Mama mmoja aliyekuwa akila mhogo wa kuchoma pembeni yangu aliniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwambia Mpanda. Alicheka mpaka akaweka mhogo chini. "Mpanda ile ya mwisho wa reli? Kule nako mna bahari?"

"Tulikuwa nayo," nilimjibu. Alinitazama usoni, akaacha kucheka, akarudi kwenye mhogo wake.

Tulikuwa nayo kweli. Ilikaa sebuleni kwetu Misunkumilo, pembeni mwa mji wa Mpanda, juu ya meza ya mninga, ndani ya tangi la kioo lenye upana wa kitanda cha mtoto, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo mahindi yalifika mpaka ukutani. Upande wa kulia wa meza ulikuwa mlango wa chumba cha wazazi wangu. Mlango ule haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia tu, kwa hiyo aliyelala ndani aliweza kuisikia bahari ikichemka.

Baba alikuwa fundi wa pampu za maji. Kwa kabila ni Mpimbwe, na kama vijana wengi wa upande wetu alikwenda akiwa kijana kwenye mashamba ya katani kule Tanga. Wenzake walikata mkonge. Yeye aliingizwa karakana, akajifunza mashine. Alirudi na sanduku la bati, spana zake, na mke. Mke huyo ndiye mama yangu, mzaliwa wa kijiji kilichoko pale mto Pangani unapoingia baharini. Watu wa Mpanda walimpenda kwa mapishi na kwa namna alivyozungumza, wakimfanya arudie maneno ili wacheke, naye akarudia. Lakini nilimsikia mara nyingi akimwambia Baba, akiwa amesimama uani na kanga mabegani, "Huku kwenu hata upepo unafika umeshatumika."

Bahari yenyewe ilikuwa ya Bruda, mzungu mzee wa misheni aliyefundisha useremala. Alikuwa na kioo chake cha samaki wa rangi, na maji yao yalikuja kwa treni katika mapipa kutoka pwani, jambo ambalo mjini kwetu lilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba wazungu huchoka akili mapema. Baba ndiye aliyemtengenezea jenereta. Jumapili moja baada ya misa alituchukua tukamwone. Mama hakuwa Mkristo. Alikuwa akitusubiri nje ya kanisa siku zote, na sikuwahi kumwona akipiga magoti mahali pale. Siku hiyo alipiga magoti mbele ya kioo.

"Kitatange," alisema. Huyo alikuwa samaki bapa, wa manjano, mwenye mistari myeusi na mdomo wa kuchonga. "Kwetu mtu mchonganishi ndilo jina lake hili. Shikamoo, mchonganishi." Akaweka kidole kwenye kioo, samaki akaja.

Bruda aliona. Miezi iliyofuata moyo wake ulipoanza kumsumbua na wakubwa wake wakamwita arudi kwao, alikuja mpaka nyumbani kwetu akasimama mlangoni amevua kofia. "Mama atanitunzia mpaka nirudi," alimwambia Baba. Hakurudi. Walimpakia kwenye behewa akiwa amekaa kwenye kiti, na sisi tukapakia bahari kwenye gari la idara ya maji, nusu kwenye kioo, nusu kwenye ndoo. Barabara nzima watu walitoka kuangalia mke wa fundi akiwa amekumbatia ndoo ya samaki kama mtu aliyetoka kujifungua.

Ndani ya kioo kulikuwa na kitu ambacho Bruda alikiita kwa jina la kwao lililomshinda kila mtu. Mama alikiita upawa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuengua povu, kama upawa unavyoengua povu la maharage. Lilikuwa bomba la plastiki linalopitisha mwanga, refu kama mkono wa mtu mzima, limesimama wima majini. Chini yake kulikuwa na kipande cha mti. Hewa ikisukumwa ndani ya mti ule hutokea upande wa pili ikiwa vipovu vidogo, vidogo kiasi kwamba maji hugeuka maziwa. Vipovu vinapanda, na uchafu wote wa samaki, mavi yao, mate yao, chakula walichokiacha, unang'ang'ania ngozi ya vipovu hivyo na kupanda navyo hadi shingoni, halafu povu linamwagikia kwenye kikombe kilichowekwa juu. Ukikifungua kikombe unakuta maji yenye rangi ya chai ya rangi, na ile harufu.

"Maji yanayokaa na viumbe yanaumwa," Baba alinieleza. "Hiki kinatoa ugonjwa."

Juu ya maneno hayo nilijenga imani kubwa kuliko niliyofundishwa kwenye katekisimu.

Shida yetu ilikuwa hewa. Misheni kulikuwa na umeme wa jenereta, kwetu kulikuwa na kibatari. Baba alifikiri kwa siku kadhaa, kisha akaleta tyubu ya gurudumu la lori na pampu ya mguu. Hospitalini aliomba mpira wa dripu uliokwisha kutumika, ule wenye kigurudumu kidogo cha kubania matone. Tyubu ilijazwa hewa, mpira ukaunganishwa, na juu ya tyubu ukawekwa ubao na jiwe la kusagia ili hewa isukumwe. Jiwe lilikuwa upande mmoja zito, upande mmoja jepesi. Tyubu ikabinuka, jiwe likaanguka, likapasua sakafu ya saruji.

"Njoo wewe," Baba aliniambia.

Nikakaa juu ya ubao. Yeye akapiga magoti mbele ya kioo, kidole gumba kwenye kigurudumu cha dripu. Povu lilipanda hadi nusu ya shingo, likafa.

"Jiegemeze mbele."

Nikajiegemeza. Kikombe kikajaa mara moja.

"Umezidi. Hayo maji matupu, siyo povu. Rudi nyuma. Hapo hapo. Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka. Ukicheka linaruka."

Mama alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. "Mtoto wa watu umemfanya jiwe," alisema.

"Jiwe haliambiwi rudi nyuma likasikia," Baba alijibu. Tangu siku hiyo jina langu nyumbani likawa Jiwe, na yeye akawa anamwita mke wake Mama Jiwe, naye anaitika kwa madaha ya pwani.

Kurekebisha upawa haikuwa kazi ya mara moja. Ukifungua hewa nyingi, maji safi yanamwagika na povu halikauki. Ukifungua kidogo, povu linachoka njiani. Maji ya kioo yakishuka hata kwa unene wa kidole, bomba lote linabadilika tabia na inabidi uanze upya. Kile kipande cha mti nacho kiliziba, kikawa kinatoa mapovu makubwa kama ya sabuni, ambayo hayabebi kitu. Baba alichonga kingine cha mninga, mti anaouheshimu. Maji yakawa mekundu. "Umenipikia samaki chai," Mama alilalamika, na samaki wawili wakafa kweli. Akachonga cha mkuyu, akikata ili hewa itokee upande wa kichwa cha mti, kule nyuzi zinakoishia. Huo ukakubali. Alinifundisha kusoma povu: jeupe na lenye maji ni bure, halijachukua kitu, jeusi na kavu, linalopanda polepole, hilo ndilo lenye mzigo. Kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni nilikaa kwenye ubao nikilisoma, na lilipokuwa jeusi niliona fahari kama mtu aliyeshinda kesi.

Watu walikuja kuiona bahari. Waliingia wakiwa wamevua viatu.

"Ndo hii?"

"Kidogo yake."

"Mbona haina mawimbi?"

"Mwambie Jiwe aruke kwenye ubao," Mama alisema, nami nikaruka, na wageni wakarudi nyuma wakishikana.

Sikumbuki kikohozi chake kilianza lini. Mtoto hasikii kikohozi cha mama yake kama anavyosikia cha mgeni; kilikuwa sauti mojawapo ya nyumba, kama mlango wa jikoni. Nakumbuka tu kwamba alianza kukaa chini ili kukoroga ugali, kisha Baba akawa ndiye anayekoroga, kisha shangazi yangu, dada wa Baba, akaja kutoka nchi ya Wapimbwe na gunia la mchele na rozari shingoni. Aliingia sebuleni, akakitazama kioo muda mrefu.

"Nyie mnafuga mboga?"

"Wifi, huyo haliwi," Mama alisema kutoka chumbani.

"Kwa ukubwa huu hata mkinilazimisha sili. Halafu huyu mtoto anaatamia nini hapo?"

"Anasukuma hewa," Baba akamwambia.

"Hewa imejaa tele huko nje, kaka."

Lakini alikuwa mtu wa kazi. Ndani ya siku chache nyumba ilikuwa mikononi mwake, na yeye ndiye aliyeweka kando ya kitanda cha Mama kopo la maziwa ya unga lenye majivu chini na mfuniko juu. Mama akikohoa, anatemea mle. Shangazi analichukua, anakwenda nyuma ya nyumba, anarudi na majivu mapya. Nilikatazwa kulisogelea.

Sasa mtu yeyote angeona nilichokiona. Huku sebuleni kikombe kinapokea povu, kule chumbani kopo linapokea povu. Huku tunamwaga, kule tunamwaga. Nilielewa kwamba nyumba yetu ilikuwa na wagonjwa wawili, maji na Mama, na kwamba dawa yao ilikuwa moja: uchafu upande, ufike juu, utoke. Kikohozi chake hakikuniogopesha tena. Nilipokuwa kwenye ubao nilijiegemeza mbele kila alipokohoa, ili nimsaidie.

Siku moja Shangazi aliliacha kopo dirishani akaenda kuita kuku. Nilifunua. Kabla ya hapo niliwahi kuliona mara moja, likiwa na vitu vyeupe vya majimaji, nikasikitika, kwa kuwa nilijua maana ya povu la namna hiyo. Sasa lilikuwa limekolea, la rangi nyekundu inayoelekea kuwa nyeusi. Nilikimbia njia nzima hadi kwenye nyumba ya pampu, mashine inanguruma, Baba ameinama na mafuta mpaka viwikoni, nikapiga kelele sikioni mwake.

"Baba, la Mama limekuwa jeusi!"

Aliweka spana chini. Alizima mashine, na ule ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilisikia maji yakirudi nyuma kwenye mabomba.

"La Mama nini?"

"Povu. Limekuwa jeusi. Linatoka."

Alinitazama. Nilingoja anisifu. Alichukua spana, akaigeuza geuza kama kitu ambacho hakijui, kisha akasema, "Twende nyumbani, Jiwe," ingawa ilikuwa asubuhi na watu wa mji mzima walikuwa wanasubiri maji.

Akampeleka Mama hospitali kwenye baiskeli, amemfunga kiunoni mwake kwa kanga asianguke. Nilipoenda kumtazama nilikuta kitanda cheupe, chupa imening'inia, na kutoka kwenye chupa mpira wetu. Mpira ule ule, kigurudumu kile kile. Baba alikuwa amesimama kando, na kidole gumba chake kilikuwa kimekwishafika kwenye kigurudumu.

"Baba, usiguse hapo," muuguzi alimwambia.

"Yanakwenda haraka."

"Yanakwenda inavyotakiwa."

Aliondoa mkono, akauweka mfukoni. Nilimwonea huruma muuguzi kwa sababu hakujua alikuwa akizungumza na nani.

Wakamchoma sindano, kila siku sindano, mpaka akawa hawezi kukaa. Siku ya kumrudisha, daktari alizungumza na Baba nje, chini ya dirisha, na Shangazi alisimama nao. Njiani nilimuuliza Shangazi amesema nini. "Amesema nyumbani kuna hewa nzuri," alinijibu. Nikafurahi. Hewa ilikuwa kazi yangu.

Wakati ule samaki wa Bruda walikuwa wameisha mmoja mmoja, akabaki kitatange peke yake. Maji pia yalikuwa yakipungua. Kiangazi cha Mpanda chini ya bati hakina huruma. Kila siku chache alama ya maji kwenye kioo ilishuka, na bomba likapoteza povu. Bruda alikuwa amesema maji yakipungua tuongeze. Hakueleza maji gani, au alieleza kwa Kiswahili chake na hatukushika. Mwanzoni Baba aliongeza ya kisima chetu. Lakini Mama, ambaye kitanda chake kilikuwa kimesogezwa karibu na pazia ili ainuse bahari, akaanza kusema hainuki.

"Baba Jiwe, mmebadilisha maji?"

"Ni yale yale."

"Hayanuki. Hii siyo bahari, hii supu ya mgonjwa. Tia chumvi."

Leo najua kwamba ilikuwa pua yake inayokufa. Sisi tulidhani ni bahari. Baba akanunua chumvi ya Uvinza, ile ya mawe iliyoshuka kwa treni kwenye magunia, akaikoroga kwenye ndoo ya maji, akaongeza. Mama akanusa, akasema afadhali. Baada ya siku chache maji yakashuka tena, Mama akasema tena hainuki, na ndoo ikakorogwa tena. Kila maji yaliposhuka tuliongeza maji ya chumvi, na kila alipolalamika tulizidisha ngumi nyingine ya chumvi. Nani angemnyima? Lilikuwa jambo pekee lililobaki analoweza kuagiza likafanyika.

Na upawa ukapona. Hilo ndilo linalonirudia ninapoengua povu la maharage jikoni kwangu na mwiko unasimama hewani. Kadiri tulivyotia chumvi ndivyo povu lilivyopanda vizuri. Vipovu vikawa vidogo kuliko vyote nilivyowahi kuona, maji ndani ya bomba yakawa meupe kama tui, na povu likatoka jeusi, kavu, zito, likisimama juu ya kikombe kama kofia. Baba hakuhitaji kugusa kigurudumu. Nilikaa tu. Wiki hiyo hiyo Mama aliomba wali wa nazi. Nazi hapakuwa, Shangazi akampikia kwa karanga, akala, akasema umefanana. Alitaka asukwe nywele. Alikaa sebuleni akiegemea ukuta, macho yanang'aa, mashavu yana rangi, akamwita samaki kwa kidole. Radio ilikuwa inaimba habari za vijiji vipya, naye akaimba nayo.

"Limejaa kikombe kizima, Mama!" nilimwambia.

"Naona, mwanangu. Mtaniponya nyie." Na kwa mara ya kwanza alisema "nyie" kama sisi, siyo "nyinyi" ya kwao. Shangazi aliyekuwa akimsuka aliacha mikono, akanitazama, halafu akatazama mlango.

Kitatange hakuja kwenye kidole siku hiyo. Alikuwa amesimama kwenye kona, akihema kwa mdomo, rangi yake ya manjano imepauka kama kanga iliyoanikwa mno. Asubuhi iliyofuata alikuwa amelala ubavu juu ya maji.

Baba alikuwa hajaondoka kwenda kazini. Alimtoa kwa mkono, akamweka kwenye sahani. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo, pale juu ambapo maji yalikuwa yamefika zamani. Kulikuwa na ukoko mweupe, umeganda kwenye kioo, kwenye bomba, kwenye mpira wa dripu. Tulikuwa tumeuona siku zote. Nilidhani ni uzuri, nilidhani ndivyo bahari inavyokuwa kingoni. Alichovya kidole majini, akaonja, akatema.

"Tumeipika," alisema taratibu.

Nikamuuliza tumepika nini.

"Uvinza wanapikaje chumvi? Wanachemsha, maji yanakwenda zake, chumvi inabaki. Bati hili limechemsha. Maji yameondoka peke yake, chumvi imebaki, na sisi tukaongeza nyingine. Na nyingine." Aligusa bomba lililojaa povu zuri. "Ndiyo maana lilikuwa linapanda hivi. Maji yakizidi chumvi, povu linapanda."

"Lakini lilikuwa linatoa ugonjwa," nilisema.

Shangazi alitokea chumbani, akaona sahani, akaifunika kwa upindo wa kitenge chake. "Asijue," alisema kwa sauti ya chini. "Kaka, wifi asijue. Leo ameamka vibaya."

Pazia lilikuwa limeshushwa. Kutoka nyuma yake Mama aliuliza, sauti yake nyembamba, "Mbona bahari imenyamaza?"

Baba na Shangazi walitazamana. Kisha Baba akaniambia, bila kunitazama, "Kaa, Jiwe."

Nikakaa. Baba akafungua kigurudumu, na maji yasiyo na samaki yakaanza kuchemka.

Siku zilizofuata sikwenda shule. Hakuna aliyeniambia nisiende. Hewa tu ilikuwa haikatiki. Baba anajaza tyubu kwa mguu, mimi nakaa, ikilala anajaza tena. Mama alisikiliza. Wakati mwingine aliuliza, "Mchonganishi hajambo?" na Baba akajibu, "Anakusalimu." Nilikuwa nimeona sahani, nilikuwa nimeona Shangazi akichimba karibu na migomba. Na bado niliendelea kusoma povu. Samaki hakuwepo wa kuchafua maji, lakini povu lilikuwa likitoka, jeusi, kila siku. Basi lilikuwa linatoka kwa nani? Nilipata jibu ambalo lilinitosha: sasa kikombe kimebaki cha Mama peke yake. Niliacha hata kushuka kwenda kula. Shangazi aliniletea uji pale pale, akasimama akiniangalia ninavyokunywa, akataka kusema kitu, akasema, "Usimwage."

Ilikuwa mchana, jua limesimama juu ya bati. Povu lilikuwa limefika ukingoni na lilikuwa karibu kumwagika upande wa nje, nami nilikuwa nikipima uzito wangu, nyuma kidogo, kushoto kidogo, kulirudisha. Ndani ya chumba Baba alikuwa akizungumza polepole. Kisha hakuzungumza.

Shangazi alitoka, ameshika kopo, mfuniko umefungwa. Aliliweka mezani, kando ya kikombe cha povu.

"Shuka, mwanangu."

"Bado kuna hewa."

"Shuka."

"Tyubu haijalala, Shangazi. Bado kuna hewa."

Hakunivuta. Alipita, akafungua mlango wa nje, akasimama kizingitini, na kutoka pale akaanza kulia kama wanavyolia wanawake wa kwao, sauti ndefu inayokwenda juu na kukatika. Majirani wakaitikia ng'ambo ya mahindi. Wakaanza kuja, wamejifunga vitenge viunoni, wakinipita mimi na bahari yangu, na nilikuwa bado nimekaa wima, mikono juu ya magoti, na vipovu vinapanda, na povu lilikuwa jeusi kuliko siku zote. Baba ndiye aliyekuja mwisho. Alipiga magoti mbele ya kioo, kama siku ile ya kwanza, akaweka kidole gumba kwenye kigurudumu, akakifunga.

Maji ndani ya bomba yakaanza kusafika kutoka chini kwenda juu, taratibu, mpaka nikauona mkono wake upande wa pili.

Baada ya matanga aliibeba bahari kwa ndoo akaimwaga nyuma ya nyumba, mbali na migomba. Pale palikauka. Mvua zikaja, mahindi yakaota kila mahali, lakini pale palibaki uwazi mweupe wenye umbo la ngozi ya mnyama, na watoto wenzangu waliuruka wakicheza, wakisema ukikanyaga utavimba miguu.

Kiangazi cha pili ng'ombe walikuja. Walikuwa wa Wasukuma waliokuwa wakihama na mifugo yao kuelekea bonde la Rukwa, na walipita kandokando ya mashamba yetu. Ng'ombe wa mbele alisimama, akainua pua, akaacha njia. Wengine wakamfuata. Walifika kwenye ule uwazi wakaanza kulamba udongo, ndimi zao zikikwaruza kama msasa, wakisukumana kwa mabega. Kijana wa kiume aliyewachunga alishindwa kuwatoa. Alinikuta nimesimama na fimbo.

"Nyie hapa mlimwaga nini?" aliniuliza, Kiswahili chake kikiwa na uzito wa Kisukuma.

"Bahari."

Alifikiri. "Bahari ya nani?"

Alingoja pamoja nami. Waliporidhika waliondoka wenyewe, na pale palipokuwa peupe pakabaki shimo la duara, lililosafishwa vizuri, kama sufuria iliyolambwa na watoto.

Siku ile basi liliposimama Pangani, nilichuchumaa mahali mawimbi yalipoacha povu. Lilikuwa la manjano, jepesi, linatetemeka kwenye mchanga. Nyuma yangu mto ulikuwa ukimwaga maji yake matamu baharini, mengi, ya rangi ya udongo, bila kuchoka, kama ulivyomwaga utoto mzima wa mama yangu mbele ya macho yake. Nilichota maji kwa kiganja nikaonja. Niliyashika mdomoni muda mrefu, nikitafuta.

Hayakuwa na chumvi kama yetu.